Kunyonyesha hadharani si kosa, lakini haki ya mama wa Nyalenda ingali nusu

KANDO ya barabara ya Ring Road, katika mtaa wa Nyalenda jijini Kisumu, si jambo la ajabu kumwona mama ameketi nyuma ya meza ya omena au nyanya, mkono mmoja ukimpimia mteja na mwingine ukimshikilia mtoto anayenyonya. Mteja hulipa, huchukua alichonunua na kwenda zake. Hapana anayegeuka kutazama mara ya pili.

Mama huyo huyo akipanda matatu kuelekea katikati ya jiji, mambo huanza kubadilika. Huitafuta leso kabla ya kumpa mtoto titi. Akiwa kwenye foleni ya benki au ndani ya mkahawa wenye viti vya kitambaa, huenda akaona heri mtoto alie kuliko yeye kufungua vifungo vya blauzi mbele ya watu. Safari yenyewe ni ya kilomita chache tu. Mtoto ni yule yule na njaa ni ile ile. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Tofauti hiyo ndiyo inayozua maswali mawili. La kwanza ni je, sheria ya Kenya inasema nini kuhusu mama anayenyonyesha mahali pa watu wengi? La pili, ambalo huulizwa kwa nadra, ni je, sheria hiyo inamfikia mama wa Nyalenda ambaye hana ofisi, hana mwajiri wala hati ya mshahara?

Hakuna kifungu kinachokataza

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Nchini Kenya hakuna sheria inayomkataza mama kumnyonyesha mtoto wake hadharani. Kanuni ya Adhabu haikutaja kunyonyesha kuwa kosa, na mama hahitaji kibali cha mtu yeyote ili kumlisha mwanawe sokoni, kanisani, ndani ya matatu au kwenye bustani ya umma.

Zaidi ya ukimya huo, Katiba ya 2010 ina vifungu kadhaa vinavyomtetea. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito na mengineyo, na kinaeleza kwamba si serikali pekee inayozuiwa kubagua bali pia mtu binafsi. Hii ina maana kwamba mwenye mkahawa hawezi kujikinga kwa kudai tu kwamba mkahawa ni mali yake. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi, na kuagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 imeurudia msingi huo wa maslahi ya mtoto.

Hata hivyo, pana pengo. Neno kunyonyesha halimo katika orodha ya misingi ya ubaguzi iliyotajwa kwenye Katiba. Ni kweli kwamba orodha hiyo haikufungwa, kwa hivyo wakili anaweza kudai kwamba kumfukuza mama anayenyonyesha ni ubaguzi wa kijinsia, kwani hakuna mwanamume anayeweza kufukuzwa kwa sababu hiyo. Lakini hoja ya wakili ni jambo moja, na kifungu kinachosomeka waziwazi mbele ya bawabu wa mkahawa ni jambo jingine.

Nchi nyingine zimeliziba pengo hilo. Uskochi ilipitisha sheria mwaka wa 2005 inayofanya kuwa kosa la jinai kumzuia mtu kumlisha maziwa mtoto wa chini ya miaka miwili mahali palipo wazi kwa umma. Uingereza nayo, kupitia Sheria ya Usawa ya 2010, ilitamka kwamba kumtendea mwanamke vibaya kwa kuwa ananyonyesha ni ubaguzi. Nchini Marekani, kufikia mwaka wa 2018 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria inayomruhusu mama kunyonyesha hadharani.

Mkahawa wa Nairobi na ukumbi wa Bunge

Wakenya wengi walianza kuujadili mwanya huo Mei 2018. Mama mmoja alilalamika kupitia mtandao wa kijamii kwamba alipokuwa akimnyonyesha mtoto wake katika mkahawa mmoja katikati ya Nairobi, aliagizwa ajifunike au aende msalani. Siku chache baadaye, kina mama walijitokeza barabarani na watoto wao kuandamana, huku baadhi yao wakinyonyesha wakitembea. Hoja iliyowagusa wengi ilikuwa rahisi: hakuna mtu mzima anayekubali kula chakula chake chooni, basi kwa nini mtoto mchanga apelekwe huko?

Mjadala huo ulifichua mgawanyiko. Wapo waliosema kwamba mama ana haki kamili. Wengine walikubali haki hiyo ila wakashikilia kwamba sharti ajifunike kwa heshima ya walio karibu. Wengine tena walidai kwamba mila za Kiafrika haziruhusu titi kuonekana, ingawa waliokulia mashambani walikumbusha kwamba nyanya zao walinyonyesha wakiwa shambani, kisimani na matangani bila kumuudhi mtu.

Mwaka mmoja baadaye jambo hilo liliingia Bungeni. Mnamo Agosti 7, 2019, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, Bi Zuleika Hassan, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kitaifa akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano. Alieleza kwamba alikuwa amepatwa na dharura na hakuwa na mahali pa kumwacha. Spika wa muda, Bw Christopher Omulele, alimwamuru atoke, kwani kanuni za Bunge haziruhusu mgeni kuingia ukumbini, na mtoto huyo alihesabiwa kuwa mgeni. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho katika Wiki ya Kunyonyesha Duniani, ambayo huadhimishwa kila mwaka kuanzia Agosti 1 hadi 7.

Kisa hicho kiliwafunza wengi kwamba tatizo halimhusu mama maskini pekee. Ikiwa mbunge, mwenye mshahara mnono na kinga za wadhifa wake, alikosa mahali pa kuketi na mwanawe, hali ya mfanyakazi wa kawaida ingekuwaje?

Wajibu wa mwajiri

Kwa upande wa kazi, sheria iko wazi zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Lakini Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka miwili au zaidi. Mama anayerudi kazini baada ya miezi mitatu amebakisha miezi mitatu ya kunyonyesha pekee, huku mtoto akiwa nyumbani naye akiwa kazini.

Sheria ya Afya ya 2017 ilikusudiwa kuliondoa tatizo hilo. Kifungu cha 71 kinamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini penye vifaa vinavyohitajika, vikiwemo vya kunawia mikono, jokofu au namna nyingine ya kuhifadhi maziwa yasiharibike, umeme, meza ndogo na viti vizuri. Sheria imesisitiza kwamba mahali hapo pasiwe msalani. Kifungu cha 72 kinampa mama vipindi vya kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na mapumziko ya kawaida ya chakula, visivyozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi. Muda huo, pamoja na ule wa kwenda na kurudi, huhesabiwa kuwa wa kazi na haukatwi katika mshahara.

Nchi jirani ya Tanzania ilitangulia katika hilo. Sheria yake ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku kumlisha mtoto wake wakati wa kazi.

Nchini Kenya, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Murang'a, Bi Sabina Chege, alidhamini Mswada wa Kina Mama Wanaonyonyesha mwaka wa 2017, nao ukarejeshwa mwaka wa 2019, ili haki hizi zikusanywe katika sheria moja na kupanuliwa. Bunge hilo lilimaliza muhula wake mwaka wa 2022 bila ya mswada huo kuwa sheria.

Sheria nyingine inayofaa kukumbukwa ni ile ya 2012 inayodhibiti bidhaa zinazouzwa badala ya maziwa ya mama. Hiyo haimgusi mama moja kwa moja, bali huwazuia watengenezaji wa maziwa ya kopo kuyatangaza kwa umma au kuwashawishi kina mama kupitia wahudumu wa afya.

Asiye na mwajiri

Hapa ndipo swali la pili linapojitokeza. Chumba cha kunyonyeshea hutengwa na mwajiri. Likizo ya uzazi hulipwa na mwajiri. Saa moja ya kunyonyesha huhesabiwa katika siku ya kazi ya mwajiriwa. Mama anayekaanga samaki Dunga, anayefua nguo za watu Milimani au anayechuuza nguo za mitumba katika soko la Kibuye hana mwajiri wa kumdai hata kimoja kati ya hivyo. Akipumzika siku moja, siku hiyo hakuna unga.

Kwa hivyo, mama wa aina hii hurudi kazini siku chache tu baada ya kujifungua, na ana njia tatu pekee. Anaweza kumbeba mtoto mgongoni na kumnyonyesha pale pale biasharani. Anaweza kumwacha kwa jirani au kwa mama anayelea watoto wengi katika chumba kimoja kwa malipo madogo ya kila siku. Au anaweza kumwacha na dada yake mdogo ambaye angepaswa kuwa shuleni.

Katika njia ya pili na ya tatu, mtoto hupewa uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe au maji. Uchunguzi uliofanywa katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, na kuchapishwa mwaka wa 2011, ulionyesha kwamba ni takriban asilimia 2 tu ya watoto waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi yote sita. Kitaifa, kwa mujibu wa takwimu za uchunguzi wa afya na idadi ya watu, watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka wa 2003, asilimia 32 mwaka wa 2008-09, na asilimia 61 mwaka wa 2014. Mwaka wa 2022 walikuwa asilimia 60. Kenya ilipiga hatua kubwa, kisha ikasimama.

Katika Nyalenda, kumpa mtoto mchanga kitu kingine badala ya titi kuna hatari ya pekee. Ardhi ya mtaa huo, iliyo karibu na ziwa, ni ya tambarare na hushika maji mvua inaponyesha. Wakazi wengi hutumia vyoo vya shimo, na kuna visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka kwenye vyoo hivyo. Maji yasiyochemshwa vizuri yakikorogewa uji au maziwa ya unga, kuhara hufuata, na mtoto wa miezi miwili hakawii kuishiwa nguvu. Maziwa ya mama hayahitaji maji, kuni wala chupa ya kuosha. Ndiyo maana nafasi ya kunyonyesha pale pale kazini, mbele ya watu, inaweza kuamua kama mtoto atabaki na afya au atapelekwa hospitalini.

Jicho la mpita njia

Je, ni nini kinachomzuia mama anayetaka kunyonyesha mbele ya watu? Katika eneo la Nyanza sababu si moja.

Miongoni mwa Waluo, ambao ndio wengi Kisumu, ipo imani ya kale ya sihoho, yaani kijicho kinachoaminika kumdhuru mtu anayekula mbele ya mwenye nacho. Kwa anayeamini hivyo, mtoto anayenyonya mbele ya umati anakula mbele ya macho asiyoyajua, na tumbo likimsokota usiku, lawama huelekezwa kwa mpita njia. Nyanya anayemwambia mke wa mwanawe amfunike mtoto hamwonei haya mwili wa mama huyo. Anamkinga mjukuu. Mhudumu wa afya anayekwenda kumwelimisha mama kuhusu haki za Kikatiba bila kulijua hilo anajibu swali ambalo hakuulizwa. Afadhali akubaliane na nyanya kwamba leso itumike, mradi mtoto asikose titi.

Sababu ya pili ni ukimwi, ambao ulilikumba eneo la ziwa kwa ukali kuliko maeneo mengi nchini. Kwa miaka mingi mama mwenye virusi alishauriwa, ikiwezekana, asinyonyeshe, kwa hofu ya kumwambukiza mtoto. Majirani walijifunza upesi kuisoma chupa ya maziwa. Mama aliyeonekana na chupa, au ambaye hakuonekana akinyonyesha, alianza kunong'onwa. Hivyo, wakati mama wa jijini anaona haya kunyonyesha mbele ya watu, katika mitaa ya Kisumu wapo walioona haya kwa kutonyonyesha.

Kisumu yenyewe ilichangia kubadilisha ushauri huo. Kuanzia mwaka wa 2003, watafiti walifanya uchunguzi katika hospitali kuu ya mkoa, ambayo sasa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Kina mama 522 wenye virusi walipewa dawa za kupunguza makali tangu mwisho wa ujauzito hadi miezi sita baada ya kujifungua, huku wakinyonyesha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba mtoto akifika miezi sita, maambukizi yalikuwa takriban asilimia 5, kiwango kilicho chini sana ya kile cha watoto ambao mama zao hawakupata dawa. Tangu mwaka wa 2010, Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri kwamba mama anayetumia dawa hizo ipasavyo anaweza kunyonyesha, na mwaka wa 2016 likaeleza kwamba anaweza kuendelea hadi miezi 24 au zaidi. Kwa hivyo, mtu hawezi tena kujua hali ya mama kwa kutazama kama ananyonyesha au la, wala haimpasi kujaribu.

Sababu ya tatu ndiyo ya mkahawa na benki. Huko titi limetengwa na kazi yake ya asili na kufanywa kitu cha kutamaniwa. Magazeti na mabango ya matangazo huonyesha vifua vya wanawake bila kumshtua mtu, lakini kifua hicho kikimlisha mtoto watu hugeuza nyuso. Haya ya aina hii haikutoka katika meza za omena za Nyalenda. Inashuka kutoka mjini, na kila mkazi anayepanda cheo au kuhamia mtaa wa kifahari huelekea kuibeba.

Mamlaka iliyo karibu

Ikiwa haki ya mama asiye na mwajiri haiwezi kudaiwa kwa mwajiri, basi itadaiwa kwa nani? Jedwali la Nne la Katiba linatoa jibu. Miongoni mwa majukumu yaliyokabidhiwa serikali za kaunti ni huduma za afya za kaunti, usimamizi wa masoko na vituo vya kulelea watoto. Mambo yote matatu yanayomgusa mama mchuuzi yako mikononi mwa serikali moja, iliyo karibu naye kuliko Bunge la Nairobi.

Mama anayelipa ada ya soko kila siku anamlipa mtu mwenye mamlaka juu ya mahali pake pa kazi. Ana sababu ya kuuliza kama soko lina kivuli, maji safi na chumba ambamo anaweza kuketi na mtoto kwa dakika 15. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, na hangoji soko lifungwe. Vivyo hivyo, kituo cha kulelea watoto kikiwa mwendo wa dakika chache kutoka sokoni, mama anaweza kumwendea mtoto na kurudi kabla wateja hawajahama. Katiba inawataka viongozi wa kaunti wawashirikishe wananchi wanapopanga bajeti, na vikao hivyo vya wadi ni mahali pa kulitaja jambo hili. Nyalenda A na Nyalenda B ni wadi mbili, kila moja ikiwa na mwakilishi wake katika bunge la kaunti.

Kwa mama aliyeajiriwa, awe kiwandani, hotelini au katika nyumba ya mtu, hatua ya kwanza ni kuuandikia usimamizi na kutaja Sheria ya Afya ya 2017. Akipuuzwa, anaweza kwenda kwa afisa wa leba, na hatimaye katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo jijini Kisumu. Kwa mama anayefukuzwa mkahawani au kutolewa ndani ya matatu, inafaa aandike siku, saa na mahali, na kupata jina la aliyeshuhudia. Malalamiko ya ubaguzi hupokelewa na Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na Kifungu cha 22 cha Katiba humruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake inapokiukwa.

Lakini mama mwenye meza ya omena hatarajiwi kufunga biashara na kwenda mahakamani kila anapotazamwa vibaya. Haki yake hutegemea zaidi watu walio karibu naye: kondakta anayempa kiti cha dirishani, mteja anayesubiri mtoto ashibe, askari wa kaunti anayekumbuka kwamba mchuuzi anayemkimbiza ana mtoto kifuani, na mume anayekubali kwamba chakula cha mwanawe hakiwezi kungoja hadi jioni. Mtaani Nyalenda wengi wao tayari hufanya hivyo bila kuambiwa na sheria. Kinachobaki ni soko lenye kivuli na maji safi, na kituo cha watoto kilicho karibu nalo.